Kambi Isiyo na Adui: Mapumziko Kando ya Maporomoko ya Sezibwa

Neno "kambi" masikioni mwa askari si neno la starehe. Likitajwa, mara humjia akilini mistari ya mahema, zamu ya usiku, tarumbeta ya alfajiri, chai ya haraka katika kikombe cha bati, na amri ya kuondoka hata kabla majivu hayajapoa. Askari polisi naye, aliyepata kupelekwa mpakani au kuwasaka wezi wa ng'ombe, ajua kuwa kambi ni mahali pa kulala jicho moja likiwa wazi. Kwa hiyo mtu akimwambia, "Chukua hema, chukua mkeo na watoto, mkapige kambi msituni kwa siku mbili," huenda akacheka na kudhani anafanyiwa mzaha. Ni nani aliyetoka msituni kikazi akatamani kurudi huko kwa nauli yake mwenyewe?

Hata hivyo, sisi twaona jambo hili lastahili kufikiriwa. Mmoja wa watu waliowafundisha raia kupiga kambi kwa ajili ya afya na adabu alikuwa askari: Baden-Powell, jemadari wa jeshi la Uingereza. Mwezi wa Agosti mwaka 1907 aliwachukua wavulana kama 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, huko Uingereza, akawafunza kupika, kusoma nyayo na kulala hemani pasipo bunduki. Katika kambi hiyo ndogo ndimo uskauti ulimopata chimbuko lake. Mzee huyo alimalizia siku zake katika nchi jirani ya Kenya, akafariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri. Mengi aliyowafunza wavulana aliyajua kutokana na vita. Alichofanya ni kuitoa kambi mikononi mwa vita na kuitia mikononi mwa amani.

Leo basi twapenda kuwaelekeza ndugu zetu wa jeshi na polisi mahali pamoja panapofaa kwa kambi ya namna hiyo, na kueleza kwa nini mahali hapo panawahusu wao zaidi ya wageni wengine.

MAHALI PENYEWE

Atokaye Kampala kwa barabara kuu ya Jinja hupita Mukono, na baada ya mwendo wa kama kilomita 35 kutoka mjini huiacha lami na kushika njia ya udongo isiyo ndefu. Wengi wa wasomaji wetu wameipita njia panda hiyo mara nyingi ndani ya malori, wakienda Jinja au wakirudi, wasijue kwamba karibu na magurudumu yao kuna maporomoko ya maji yaitwayo Sezibwa.

Si maporomoko ya kutisha. Aliyeyaona yale ya Murchison, ambako mto Nile mzima hubanwa katika upenyo mwembamba wa mwamba na kuanguka zaidi ya mita 40, asitazamie kishindo cha namna ile. Hapa maji huanguka kwa kimo cha kama mita saba tu. Mto huja taratibu, hukuta ukingo wa mwamba, hugawanyika katika mikondo kadhaa, kisha hujimwaga chini ukitoa povu jeupe na unyevu unaoburudisha uso. Baada ya hapo hujikusanya upya na kuendelea na safari yake chini ya vivuli vya miti. Kando yake pana uwanja wa majani ambapo mtu aweza kusimamisha hema, akaketi, akasikiliza.

Mahali hapa ni miongoni mwa sehemu za kumbukumbu za Ufalme wa Buganda, na pana watunzaji wake. Mgeni hulipa kiingilio, na mwenye nia ya kulala hupatana nao kwanza. Si pori la mtu kuingia atakavyo.

MTO ULIO PACHA

Wazee wa Buganda husimulia kwamba hapo kale palikuwa na mwanamke jina lake Nakangu, mja mzito, ambaye alitazamiwa kujifungua pacha. Siku ilipowadia, badala ya watoto yalitoka maji, nayo yakawa mito miwili: Sezibwa na mwenzake Bwanda. Sezibwa alikuta mawe njiani mwake, lakini hakurudi nyuma, aliyaruka. Ndipo alipopata jina lake, litokalo katika maneno ya Kiganda "sizibwa kkubo", maana yake, "mimi sizibiwi njia".

Kwa kuwa mto huu ni pacha, baba na mama wa pacha, ambao Waganda huwaita Ssalongo na Nnalongo, wangali wakija hapo kutimiza mila zao. Wengine huja na haja nyingine za maisha, wakaweka buni za kahawa au mayai kando ya mwamba. Wafalme nao hawakupasahau: yasimuliwa kwamba Kabaka Mwanga alipanda mti mahali hapo, na Kabaka Mutesa wa Pili naye akapanda wake.

Kila msomaji ana dini yake, wala sisi hatumwambii mtu aingie katika ibada isiyo yake. Lakini adabu ya mgeni ni moja kila mahali. Viatu huvuliwa pale wenyeji wanapovivua, picha hupigwa kwa ruhusa, na kilichowekwa na mwingine hakiguswi. Askari aliyezoea kuingia nyumba za watu kwa amri atapata faida kubwa akijizoeza hapa kuingia kwa hodi.

MAJI YAENDAYO KASKAZINI

Lipo jambo moja katika mto huu ambalo humshangaza mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Chanzo chake ni mabwawa yasiyo mbali na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Victoria, lakini mto wenyewe hauendi katika ziwa hilo. Ardhi ya sehemu hii imeinama kuelekea kaskazini. Kwa hiyo Sezibwa huligeuzia ziwa kubwa mgongo, ukasafiri mpaka Ziwa Kyoga. Huko maji yake huchanganyika na ya Nile yatokayo Jinja, yakashuka Karuma na Murchison, yakaingia Ziwa Albert, kisha yakavuka mpaka kwenda Sudan Kusini, Sudan na Misri.

Askari aliyepata kutumika Nimule au Juba, akateka maji ya Nile kwa mtungi, huenda aliteka pamoja nayo tone lililoruka mwamba wa Sezibwa majuma mengi yaliyotangulia. Mto mdogo kama huu hauna mpaka. Wala anayeuharibu huku hawezi kusema kwamba ameharibu cha kwake peke yake.

Kabla ya kufika mwambani, maji hayo hupita katika mafunjo na matete. Watu wengi huyaona mabwawa ya mafunjo kuwa ni ardhi iliyopotea, isiyofaa ila kukaushwa na kulimwa. Lakini mafunjo ndiyo ghala na chujio la mto. Mvua ikinyesha kwa wingi, bwawa huyazuia maji yasikimbie yote kwa siku moja. Huyashusha tope chini, kisha huyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Bwawa likikaushwa, mto hufurika Aprili na kukonda mwezi Januari.

MSITU ULIO NYUMA YA MAPOROMOKO

Akiba ya pili ya mto huu ni msitu. Barabara ile ile ya Jinja ikiendelea mashariki hupita katikati ya Mabira, msitu wenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 300, ambao ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Maji yake hushuka katika mto Sezibwa na mto Musamya. Ndani ya Mabira kwenyewe, katika mto huo Musamya, si mbali na mji wa Lugazi, pana maporomoko mengine madogo yaitwayo Griffin, na hapo pia pana mahali pa kupigia kambi. Atakaye msitu mnene zaidi kuliko wa Sezibwa na aende huko.

Kazi ya msitu kwa mto ni rahisi kueleza. Tone la mvua likianguka juu ya ardhi tupu huipiga kama nyundo, likaubomoa udongo na kuuchukua. Likianguka juu ya msitu hupokelewa na majani ya juu, likakabidhiwa majani ya chini, likafika ardhini limekwisha kuchoka. Nayo ardhi, ikiwa imefunikwa kwa majani makavu na kutobolewa na mizizi, hulinywa. Baada ya majuma au miezi hulitoa katika chemchemi, likiwa safi.

Msitu huu umepata misukosuko. Katika miaka ya 1970 watu wengi waliingia Mabira, wakafyeka na kulima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali iliwaondoa, na sehemu zilizofyekwa zikaanza kuota upya. Lakini katika sehemu hizo imeenea aina ya mforsadi iliyoletwa kutoka Asia, ambayo huota upesi na kuisonga miti ya asili. Kidonda cha msitu hupona, lakini kovu hubaki.

Mwaka 2007 likatokea pendekezo la kutoa hekta kama 7,100 za Mabira kwa kilimo cha miwa. Watu wengi walilipinga. Mwezi wa Aprili mwaka huo maandamano mjini Kampala yaligeuka kuwa ghasia, watu wakapoteza maisha, na walinzi wa usalama wakaitwa kuutuliza mji. Pendekezo hilo liliwekwa kando; likaibuka tena mwaka 2011, likapingwa tena, wala halikutekelezwa. Katika mwaka huo huo wa 2007, mtaalamu wa wanyama Colin Groves alieleza kwamba yule kima mkubwa wa rangi ya kijivu na kahawia aitwaye mangabei, aonekanaye Mabira na misitu mingine ya nchi hii, ni aina ya peke yake inayostahili kubeba jina la Uganda. Basi mwaka ule ule ambao watu waligombania miti, ilijulikana kwamba juu ya miti hiyo yumo mwananchi ambaye hakuwa amehesabiwa.

KANUNI ZA KAMBI

Sasa turudi kwenye hema. Huenda askari akasema kwamba hapana wa kumfundisha kupiga kambi. Ni kweli, lakini kambi ya familia ina kanuni zake, na hata zile za zamani zafaa kukumbushwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, wapagazi na askari waliokufa kwa malaria, kuhara damu na uchovu katika Afrika Mashariki walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Aliyewashinda alikuwa kambi mbaya, maji machafu na mbu.

Kwanza, chagua majira. Mvua za masika huanza Machi na kwisha Mei, na za vuli huanza Septemba na kuendelea mpaka Novemba. Katika miezi hiyo maporomoko hupendeza, lakini njia huteleza na mto waweza kupanda usiku kwa mvua iliyonyesha mbali, hali kambini ni kukavu. Kwa hiyo hema lisimamishwe juu, mbali na alama za mafuriko ya zamani, ambazo hujulikana kwa takataka zilizonaswa vichakani.

Pili, tazama juu kabla ya kutazama chini. Kivuli cha mti mkubwa huvutia, lakini tawi lililokauka halipigi hodi. Tazama na chini pia, usije ukatandika kitanda chako katika njia ya siafu; wakija usiku, hata sajini mkali hana amri juu yao.

Tatu, maji ya mto si ya kunywa kwa sababu tu yanang'aa. Yachemshwe mpaka yatokote vizuri. Choo kikiwapo kitumike. Kisipokuwapo, shimo lichimbwe mita zisizopungua 60 kutoka mtoni na kufukiwa. Vyombo na nguo visioshwe kwa sabuni ndani ya mto, kwani kijiji cha chini huteka maji hayo hayo. Kila mtu alale ndani ya neti, maana mbu wa malaria huuma usiku.

Nne, watoto wasiachwe peke yao karibu na mwamba. Mawe yaliyolowa yana utelezi kama sabuni, na maji yaangukayo mita saba yana nguvu ya kutosha kumzamisha mtu mzima. Wala wasioge katika maji yaliyotuama yenye majani mengi, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda kukaa humo.

Tano, moto uwe mdogo. Kuni zichukuliwe kwa idhini ya watunzaji, zile zilizokwisha kuanguka tu. Mti mbichi usiguswe. Asubuhi ya kuondoka moto uzimwe kwa maji mpaka mkono uweze kuwekwa juu ya majivu, na kila kilicholetwa kirudi kwenye mkoba: makopo, chupa na mifuko ya plastiki.

La mwisho, ndilo kubwa. Safari hii ni ya likizo yenye ruhusa. Sare ibaki nyumbani, na silaha ibaki ghalani kwa utaratibu wa kikosi. Mwenyeji akimwona mgeni bila bunduki atazungumza naye. Na katika mazungumzo hayo mgeni atajua mengi kuliko awezayo kujua katika doria kumi.

USIKU WA KWANZA

Jua likishatua, kazi ya macho hupungua na ya masikio huanza. Kabla ya giza husikika hondohondo wakirudi kulala, na mbawa zao zikivuma hewani kama mtu apigaye shuka. Vyura huanza, kisha nyenje. Chini ya sauti zote hizo yapo maporomoko, ambayo hayanyamazi wala hayapandishi sauti.

Usiku huu wa kwanza huwa mgumu kwa askari. Masikio yake yamefunzwa kwa miaka mingi kwamba kijiti kikivunjika msituni, mtu yupo. Atashtuka mara ya kwanza. Atashtuka mara ya pili. Mkono utatafuta kitu ambacho hakipo. Hapo asijione kuwa na kasoro. Mwili uliokesha kwa ajili ya usalama wa wengine haupati usingizi kwa amri. Lakini kadiri usiku unavyoendelea, atagundua kwamba kijiti kilivunjwa na mnyama mdogo, na kwamba kivuli kile ni cha mti uliopandwa na mtu aliyekwisha kufa zamani. Karibu na alfajiri wengi hulala usingizi ambao hawajaulala kwa muda mrefu. Mke aliyezoea kuamshwa na ndoto za mumewe atalitambua hilo kabla ya mumewe mwenyewe.

Watoto nao wana fungu lao. Mtoto wa kambini hukua akimwona baba au mama akitoka na sare asubuhi na kurudi nayo usiku. Humjua kwa mlio wa buti. Siku mbili kando ya mto humpa nafasi ya kumwona mzazi huyo akipuliza moto ukakataa kuwaka, akimenya viazi, akijibu maswali kuhusu ndege asiyemjua jina. Heshima haipungui kwa hayo.

TUNACHOKILINDA

Tulisema mwanzoni kwamba mahali hapa panawahusu wasomaji wetu zaidi ya wageni wengine. Sababu ni hii. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, inasema kwamba maziwa, mito, mabwawa na hifadhi za misitu ni amana ambayo Serikali inaishika kwa niaba ya wananchi wote, na inapaswa kuilinda. Kanuni za mwaka 2000 zimeweka eneo la hifadhi kando ya mito: mita 100 kutoka ukingoni kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mingineyo. Sheria ya misitu ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha mamlaka inayosimamia hifadhi za misitu za taifa.

Karatasi hizo zote hazina miguu. Anayezipa miguu ni mlinzi wa msitu, na nyuma yake polisi na askari. Gari la magogo likitoka msituni usiku wa manane, mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kulisimamisha ni koplo aliye kwenye kizuizi cha barabarani. Katika dakika ile hapana jaji wala mbunge. Pana tochi, dereva, na noti iliyokunjwa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Msitu hauishi kwa shoka la siku moja, bali kwa magari mengi yaliyoambiwa, "Haya, pita."

Hatusemi kwamba mtu akilala usiku mmoja kando ya maporomoko atatoka akiwa malaika. Twasema tu kwamba ni vigumu kukilinda usichokijua. Koplo ambaye mkewe alichota maji ya Sezibwa, na ambaye mwanawe ameuliza kwa nini mto hauchoki kuanguka, ataitazama shehena ile kwa macho mengine. Ataona ndani yake kiangazi kikali, bwawa lililokauka, na mwamba mkavu ambapo zamani palikuwa na maji.

Jina la mto lasema kwamba haukubali kuzibiwa njia. Kwa mawe, ni kweli. Umeyaruka tangu kale. Lakini mto hauwezi kumruka binadamu anayeikausha chemchemi yake na kuukata msitu unaoulisha. Hapo huhitaji mlinzi, na walinzi wa nchi hii ndio hasa tunaozungumza nao katika ukurasa huu. Likizo ijayo wachukue hema, waombe ruhusa, waende na jamaa zao. Na watakaporudi kwenye malindo yao, wakumbuke kwamba maji yale yangali yakishuka usiku na mchana, yakienda kaskazini, na kwamba kuna gari njiani linalokaribia kizuizi.